Darubini Tatu na Macho ya Papa Dieu

Jumapili, Agosti 2017. Kensington, saa tano asubuhi.

Upepo. Tangu alfajiri ni upepo mtupu, ule wa Agosti unaookota vumbi kwenye vilima vya mchanga wa machimbo na kulimwaga juu ya nguo ulizoanika. Koo limenikauka, midomo imepasuka, na nimekasirika. Nimeanza na upepo kwa sababu kuukasirikia ni rahisi kuliko haya mengine.

Sijaenda kanisani leo. Mke wangu ameenda, binti yetu Imani ameenda, mimi nimebaki na chai iliyopoa na darubini tatu za bunduki mezani. Tatu! Bunduki yenyewe ni moja, na hata hiyo moja yangu ni nusu tu.

"Baba Imani, hii meza ni ya kula ama ni duka la vioo?" mke wangu aliniuliza Alhamisi, ya tatu ilipofika. Akaongeza ile ya wahenga, mchagua jembe si mkulima, akaenda zake jikoni. Nilinuna mpaka wakati wa kulala.

Wasomaji wangu wa zamani, nyote tisa, mnanijua. Kwa aliyeingia leo: mimi ni Mkenya, kazi yangu ni kompyuta za benki, nimekaa Johannesburg miaka kumi. Kwetu ukionekana na swala mkononi unalala ndani. Hapa nikagundua kwamba mwenye shamba akikukaribisha kumpunguzia njiwa wanaokula chakula cha ng'ombe wake, unakwenda na bunduki ya upepo, haihitaji leseni, na njiwa unarudi nao nyumbani ukawale. Nilipoonja njiwa wa kukaanga na vitunguu nikajua Jumamosi zangu zimepata kazi.

Aliyenionjesha ni Papa Dieu, papa yaani baba kwa Kiswahili cha kwao. Jina lake kamili ni Dieudonné, fundi wa nguo kutoka Lubumbashi, ana umri wa miaka hamsini na minane, na karakana yake iko Marshalltown kwenye ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa ofisi zamani. Suti, majoho ya kwaya, magauni ya harusi, vyote hivyo ni mikono yake. Tunasali kanisa moja, la Wakongo, mjini, mimi nikiwa huko kwa sababu ndiko ninakosikia Kiswahili kwa saa tano mfululizo. Ujana wake alipiga ndege kwa manati. Aliponiambia tununue bunduki pamoja, nusu kwa nusu, sikufikiri mara mbili. Wiki hii inalala kwangu, wiki ijayo inalala kwake.

Kwetu kanisani ndivyo tunavyomiliki vitu. Pale mimbarani kuna miwani moja ya kusomea. Anayesoma Zaburi anaivaa, anasoma, anaifuta kwa tai, anaiacha pale. Anayesoma Injili anaivaa hiyo hiyo. Mmoja anaishikilia mbali na pua, mwingine anaisukuma mpaka kwenye nyusi, lakini wote wanasoma, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza miwani ile ilipimiwa macho ya nani. Bunduki yetu tuliichukulia vivyo hivyo.

Shamba ni la Oom Gert, kupita Magaliesburg. Oom ni mjomba kwa lugha yake, na ndivyo anavyotaka aitwe. Sharti lake ni moja tu: njiwa auawe palepale, au aachwe. Hataki kuokota ndege anayepumua kwenye chakula cha ng'ombe siku mbili baadaye. Kichwa, anasema, kichwa au usipige. Na kichwa cha njiwa hakizidi kifuniko cha chupa ya soda.

Basi, nianze na darubini ya kwanza, nipunguze hasira kwa mpangilio.

Ya kwanza ilikuja na bunduki. Hiyo fokasi yake, yaani umbali ambao kioo kinaonyesha wazi, haigeuzwi, imewekwa kiwandani na imewekewa mbali, kwa mtu anayepiga swala ng'ambo ya bonde. Sisi tunapiga hatua ishirini, thelathini. Kwa umbali huo njiwa anaonekana kama yuko nyuma ya kioo cha bafuni. Lakini ukungu si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba ukisogeza jicho lako kidogo tu nyuma ya kioo, ule msalaba wa kulengea nao unatembea: sasa uko kwenye jicho la njiwa, sasa kwenye mdomo, sasa hewani, na bunduki haijasogea hata kidogo. Nilikosa njiwa mpaka wakaanza kunizoea.

Nikaomba ushauri. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Kundi letu la WhatsApp la wanaume wa Kenya hapa Joburg lina wahasibu, wahadhiri na mwanasheria mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika bunduki. Wote walikuwa na maoni. Mmoja alinitumia picha ya darubini ya kutazamia nyota. Dukani, kijana wa kuuza aliniangalia viatu kwanza, kisha akanieleza kwamba fokasi isiyogeuzwa ni ya wanaoanza, pete ya mbele ni ya watu wa zamani, na fokasi ya ubavuni ni ya mtu anayejua anachofanya. Nilipomuuliza yeye anatumia ipi, akasema yeye havui wala hawindi, anauza tu. Mtandaoni ndiko kabisa. Bingwa mmoja anaapa kwa pete ya mbele, wa pili anasema bingwa wa kwanza ni mjinga, wa tatu anawatukana wote wawili kisha anaanza kueleza habari za mafuta ya mnyororo. Nilisoma mpaka macho yakauma na nikajua kidogo kuliko nilipoanza.

Nikanunua ya pili, ya pete ya mbele. Unazungusha pete iliyo kwenye mdomo wa darubini mpaka njiwa anang'aa, msalaba unatulia, unapiga. Kwa nadharia. Kwa vitendo pete iko mbali, unanyoosha mkono wote kama unayechuma pera la jirani, na njiwa wanakuona. Na namba zilizoandikwa kwenye pete ni uongo. Yangu ilisema kumi na tano mahali ambapo Papa Dieu alipima kwa futi yake ya fundi akapata mita ishirini na mbili.

Ndiyo, alipima. Alipiga magoti kwenye matope ya ng'ombe na ile futi ya manjano shingoni, akaitandaza kutoka kwenye marobota ya majani tunapojificha mpaka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, akitia alama kwa chaki ya cherehani. Wazo lake lilikuwa tukae mahali pamoja, tupige umbali mmoja tu, tusihangaike na pete. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikaendelea kuvinjari simuni nikitafuta darubini nyingine.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile. Nimeizunguka vya kutosha.

Ni wiki tatu zilizopita. Nilikuwa napiga mimi kwanza. Miwani yangu ilikuwa inagongana na darubini na kupata ukungu wa pumzi, maana asubuhi za kule ni baridi kali. Nikaivua nikaitia mfukoni. Bila miwani msalaba ukapotea, nikazungusha pete nyingine, ile ndogo ya nyuma iliyo karibu na jicho, mpaka ukarudi mweusi na mwembamba. Nikaua njiwa wawili, safi kabisa. Nikampa Papa Dieu bunduki, nikamenya ndizi.

"Papa Imani," alininong'oneza, "hii musalaba iko na mawingu."

"Zungusha pete ya mbele," nikamwambia. Sikugeuka hata kumtazama.

Akazungusha. Akasubiri kwa subira yake ile ya kutia pindo. Akapiga. Risasi ikamvunja njiwa bawa, akapapatika juu ya uzio, akaangukia kwenye ngazi za jikoni ambapo mke wa Oom Gert alikuwa anamwaga maji ya vyombo. Mama wa watu alipiga yowe. Oom Gert akatoka, akammaliza yule njiwa kwa mikono yake, kisha akaja kwetu polepole. Akauliza nani amepiga.

Ningeweza kusema ni sisi. Bunduki ni yetu sote. Ningeweza kunyamaza na kuangalia chini kama mtu mwenye adabu. Badala yake nilijibu kwa Kiingereza, mbio mbio, kabla Papa Dieu hajalielewa swali. Nilisema ni mzee, macho yake yamekwisha.

Macho ya fundi wa nguo. Nilisema hivyo nisifukuzwe shambani.

Oom Gert akamtazama kwa huruma, akasema mimi nirudi wakati wowote, mzee apumzike. Tulipofika kwenye gari Papa Dieu akaniuliza mzungu amesema nini. Nikamwambia amesema tuwe waangalifu.

Jioni nikamsimulia mke wangu, kwa kicheko, kama kichekesho cha Jumamosi: njiwa ngazini, yowe, mzee wa watu na macho yake. Yeye hakucheka. Yeye ana moyo, alihuzunika. Akaandika kwenye kundi la akina mama wa kanisa: tumkumbuke Papa Dieu katika maombi, macho yanamsumbua. Aliandika kwa nia njema kabisa. Mimi nilikuwa kando yake kwenye kochi, nikilinganisha bei za darubini za fokasi ya ubavuni.

Jumapili iliyofuata mchungaji akamwita mbele. Papa Dieu aligeuka nyuma kuangalia ni Dieu yupi anayeitwa. Akasogezwa na mikono ya watu mpaka madhabahuni, na kwa kuwa ni mtu asiyependa kumwaibisha mtu, akasimama. Wakamwekea mikono usoni, mikono kama minane, wakakemea upofu kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kilingala. Mchungaji akamwambia afumbue macho, akamuuliza anaona nini.

"Minaona bantu bote," akasema, yaani anaona watu wote, na alisema kweli, maana siku zote anawaona.

Kanisa likalipuka. Vigelegele, leso, ngoma. Mimi nilikuwa safu ya sita. Nilipiga makofi. Naandika hapa ili nisijisahau: nilipiga makofi.

Mngedhani muujiza ungemaliza maneno. Ulimi hauna mfupa. Kabla ya muujiza, habari ilikuwa ya akina mama kumi. Baada ya muujiza, kanisa zima lilijua kwamba Papa Dieu alikuwa haoni. Kuna mama mmoja anayemwoza binti yake Septemba. Gauni la bibi harusi na magauni ya wasimamizi yalikuwa tayari mezani kwa Papa Dieu, mengine yamekwishakatwa. Jumanne akapanda ghorofa ile, akayakunja yote, akayapeleka kwa fundi mwingine. Nasikia alisema uponyaji ni wa Mungu lakini gauni ni la Septemba. Walionisimulia walicheka. Wiki ile ile majoho ya kwaya nayo yakaondoka.

Na mimi? Mimi nilikuwa nasubiri kifurushi.

Alhamisi kikafika, darubini ya tatu, ya fokasi ya ubavuni. Kigurudumu chake kiko upande wa kushoto, unakifikia kwa vidole bila kunyanyua shavu kwenye bunduki. Nzito kama mtungi, lakini nzuri, siwezi kusema uongo. Ijumaa nilitoka kazini mapema, nikaifunga kwenye bunduki, nikatoka nayo uani bila risasi, nikawa natazama tofali za ukuta wetu wa nyuma. Nikazungusha kigurudumu. Tofali likaja wazi, nikaona mpaka chembe za mchanga. Nikasogeza jicho kidogo.

Msalaba ukatembea.

Nilitukana kwa lugha tatu, mbwa wa jirani akanijibu. Darubini ya tatu, ya watu wanaojua wanachofanya, na msalaba unatembea kama wa ile ya kwanza! Nilikuwa tayari kuirudisha dukani na kumrushia yule kijana. Ndipo nikafungua kijitabu cha maelekezo, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa darubini yoyote, mimi ninayewafokea wenzangu kazini kila siku kwa kutosoma maelekezo.

Ukurasa wa kwanza. Kabla hujagusa fokasi yoyote, tazama mbingu tupu, zungusha pete ya nyuma mpaka msalaba uwe mkali kwa jicho lako. Kisha iache. Akija mtu mwingine kupiga, aiweke upya kwa jicho lake. Asipofanya hivyo, hizo fokasi nyingine zote zitamdanganya: ataona shabaha vizuri, lakini msalaba hautakuwa umekaa juu yake.

Niliisoma mara nne. Kisha nikaingia ndani nikachukua ile darubini ya pili, ya pete ya mbele, ambayo pete zake hazikuwa zimeguswa tangu Jumamosi ile. Nikatazama dirishani nikiwa na miwani. Ukungu. Nikavua miwani. Msalaba mweusi, mwembamba, mkali kama unywele. Ilikuwa bado imewekwa kwa macho yangu, ya mtu aliyevua miwani, na ndivyo nilivyomkabidhi Papa Dieu. Mtu wa umri wake, hata awe na macho mazima namna gani, hawezi kuulazimisha msalaba wa namna hiyo uwe wazi kwake. Na alinieleza. Aliniambia iko na mawingu.

Nilikaa kwenye ngazi za uani mpaka baridi ikaniingia mifupani.

Jana asubuhi nikaenda Marshalltown kumwambia. Nataka hili lieleweke, nilikwenda kumwambia. Nilipanda ngazi nikiyarudia maneno. Nilimkuta amesogeza cherehani mpaka dirishani. Mke wake, Mama Béa, alikuwa anamtungia uzi kwenye sindano, na Papa Dieu ameshika kitambaa cha suruali karibu na pua, anakigeuzageuza. Mtu ambaye mwezi jana alikuwa anatunga uzi huku akibishana nami habari za mpira.

"Karibu, Papa Imani," akasema. "Balinielezea. Weye njo ulijua wa kwanza, miye mwenyewe sikujua. Asante."

Alinishukuru, eti mimi ndiye niliyejua wa kwanza. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru.

Nikasema, "Mzee, labda macho yako hayana neno."

"Hapana," akatikisa kichwa. "Kanisa yote inaona, mama ya bibi harusi anaona, mzungu anaona. Miye ni nani niseme hapana? Sasa hata uzi ninaogopa."

Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi yangu, wazi kama mlango. Mama Béa alikuwa amesimama na sindano mkononi, ananitazama. Nikafungua mdomo, nikasema pole. Pole, mzee. Akanijibu asante, akainama chini ya meza, akatoa mfuko wenye mkebe wa risasi zetu na ile futi aliyopimia shamba. Akasema nichukue vyote, na bunduki ibaki kwangu moja kwa moja, yeye asije akaua ng'ombe ya watu. Nami nikauchukua ule mfuko. Nilitelemka nao ghorofa mbili, nikapita wauza mitumba na wauza mahindi, na sikurudi juu.

Leo asubuhi nikamwambia mke wangu, nikidhani nitapata wa kunituliza. Aliacha kufunga kilemba.

"Lile ombi niliandika mimi," akasema. "Kwa mkono wangu. Umenifanya nimsingizie mtu mbele za Mungu."

"Hukujua."

"Wewe ulijua. Leo kuna wakati wa ushuhuda. Simama useme."

Nikasema kichwa kinaniuma. Akauliza ni kichwa ama ni macho, akamwita Imani, wakaondoka na gari.

Basi niko hapa na darubini zangu. Kuna watu wanaokuja kwenye blogu hii kutafuta jibu la swali nililoanza nalo miezi minne iliyopita, ni fokasi ipi inafaa kwa bunduki ya upepo na wanyama wadogo, na sitaki kuwanyima. Jibu ni hili. Kama unakaa mahali pamoja na umbali unaujua, fokasi isiyogeuzwa inatosha, mradi uwe umenunua iliyowekewa karibu na siyo ya kupigia swala. Kama umbali unabadilika na una muda, pete ya mbele. Kama unabadilika upesi na mkono wako hauwezi kuonekana, ya ubavuni. Fundi mmoja wa nguo aliniambia nusu ya haya bure, kwa futi na chaki, nikamcheka. Na yoyote utakayonunua, anza na pete ya nyuma, na ukimpa mwenzako bunduki mwambie umeigeuza.

Mwambie tu. Maneno mawili. Ningeyasema kabla sijaimenya ile ndizi, leo wale mabinti wangekuwa wanajaribu magauni yao Marshalltown.

Ninachokiogopa nakijua. Siogopi Oom Gert tena, akinifukuza anifukuze, nitampigia kesho nimweleze ni mkono wa nani uliomuumiza njiwa wake. Ninaogopa wale watu mia mbili wa kanisani wakinigeukia. Ninaogopa uso wa Mama Béa. Ninaogopa pia kwamba watanisamehe haraka, kwa nyimbo, kisha mtu aombe nami niombewe, na Papa Dieu arudi karakana yake akiwa bado anaogopa uzi.

Saa sita na robo. Nimesimama, nimekaa. Nimepasha chai.

Simu imelia. Ni ujumbe wa mke wangu kutoka kanisani, naunakili ulivyo:

"Papa Dieu ameenda mbele mwenyewe. Hakuitwa. Amepiga magoti anaomba wamwombee macho."

Hakuitwa.

Nimeita gari kwa simu, linasema dakika sita. Naandika mbio, mtanivumilia makosa ya chapa. Naichapisha hii kabla sijatoka, bila kufuta kitu, kwa sababu najijua, nikiwa njiani nitapata sababu ya kugeuza. Akina mama wa kanisa mnaosoma hapa, mnaweza kuanza kuambizana sasa hivi: Papa Dieu haumwi macho. Hakuwahi kuumwa. Mimi ndiye niliyeigeuza ile pete na mimi ndiye niliyemtangaza. Mama wa bibi harusi, nakuomba urudishe gauni kwake, na kama fundi mwingine amekwishaanza, nitakuja kukueleza uso kwa uso kilichotokea.

Ibada zetu haziishi kabla ya saa nane, kwa hiyo nitawakuta. Nikikuta bado amepiga magoti, nitampita mchungaji. Sijui nitaanza na neno gani.

Gari limefika.